Naomba ushauri: shokapu ya mbele ya gari (kile kifaa cha kuzuia gari lisidundedunde) inavuja, nibadilishe moja au zote mbili?

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu, hasa mafundi na mnaoendesha njia zetu za milimani.

Nina Toyota IST, imetembea kilomita 186,000. Kila wiki nateremka nayo kutoka Uyole, Mbeya, kwenda Tukuyu. Tangu mwezi uliopita, nikipita kwenye tuta au shimo inagonga "ko! ko!" mbele kushoto, na nikifunga breki pua inazama. Kwenye kona za Isongole, mvua ikinyesha na ukungu ukishuka, inayumba mpaka naogopa. Huwa nabeba watoto humo.

Nimeshabadilisha stabilaiza linki (vile vifimbo vya kusaidia gari lisilale kwenye kona) na kupima upepo wa matairi, mlio ukabaki. Nikikandamiza boneti upande wa kushoto na kuachia, inadunda mara tatu ndipo itulie. Kulia inatulia mara moja. Shokapu ya kushoto imelowa mafuta, na tairi lake linalika kwa mabonde mabonde.

Fundi wa kwanza anasema nibadilishe hiyo moja tu. Wa pili anasema zote mbili za mbele, kwa sababu mpya na iliyochoka hazivuti sawa. Moyo wangu uko kwa huyu wa pili, ila mfuko umebana.

Naomba kujua:
Je, kuna aliyebadilisha moja tu, gari likatulia kwenye kona na breki?
Na kwa njia hizi, mnanishauri mpya za bei ya kawaida au zilizotumika kutoka Japani?

Natanguliza shukrani.