Mwongozo wa Git kwa Kiswahili: faharasa, kapu au mizani?

bint_mkunazini
Assalaam alaykum. Naandika mwongozo wa Git, programu ya kutunza historia ya faili, kwa vijana wa skuli hapa Mjini Unguja, nimekwama kwenye amri ya `git add`. Kile kituo kilicho kati ya faili unayoiandika na komiti (hali ya faili iliyohifadhiwa kwenye historia), Git yenyewe hukiita majina matatu: indeksi, steji na kashe. Nina chaguo mbili. "Faharasa" ni sahihi kikamusi, lakini mtoto akilisikia atafungua kurasa za mwisho za kitabu. La pili ni "kapu": `git add` unatia kapuni, `git commit` unalipa. Nani hajakwenda soko la Darajani?

kodi_na_urojo
Kapu, wala usijisumbue. Kwenye faharasa umefasiri neno, kazi yake umeiacha.

fundi_wete
Waalaykum salaam. Kapu nalipenda, ila linadanganya. Jaribuni hivi kwenye folda mpya, baada ya `git init` ya kuanzisha Git humo:

`echo "boti saa 1" > ratiba.txt`
`git add ratiba.txt`
`echo "boti saa 4" > ratiba.txt`
`git commit -m "Ratiba ya boti"`

Komiti imebeba saa ngapi? Saa 1! `git add` huchukua faili ilivyo wakati ule ule; ulichobadilisha baadaye kimebaki nje. Sasa samaki akishaingia kapuni, utaendelea vipi kumpaa magamba na huku kapuni yumo mzima? Kwetu Pemba mfano ni mizani ya karafuu. Gunia limeshapimwa, kilo zimeshaandikwa. Ukimimina pishi moja zaidi, stakabadhi haiijui.

bint_mkunazini
Ratiba ya boti naiiba leo leo. Lakini kaka, mtoto wa Mjini mizani ya karafuu kaiona wapi?

fundi_wete
Basi mlete Wete msimu wa vuno, chai juu yangu.

kodi_na_urojo
Na `git add -p`, inayochagua vipande tu ndani ya faili?

fundi_wete
Kwani lazima upime gunia zima?

babu_wa_terminali
Wanangu, mnagombania jina na hatari iko kwenye kitenzi. Mwongozo niliojifunzia uliandika kwamba `git checkout` ikipewa faili "huirejesha". Nikadhani inanirejeshea kazi yangu. Kumbe imerudisha faili ya zamani, kazi ya asubuhi nzima ikenda, na `git reflog`, orodha ya komiti ulizopitia, haikunisaidia kwa sababu sikuwa nimekomiti. Tangu toleo 2.23 la mwaka 2019 tunazo `git restore` ya faili na `git switch` ya matawi (njia sambamba za kazi), fundisha hizo. Na usiandike "hurejesha", andika "hutupa mabadiliko yako". Halafu kwenye mifano yako usiweke foo na bar, majina matupu ya waandika programu, hakuna mtu anayeumia foo akipotea.

bint_mkunazini
Shikamoo babu. Nimeandika hivi: "`git add` hupima faili ilivyo sasa. Ukiigusa tena, ipime tena." Faharasa nimeifuta. Steji nitalitaja, maana `git status` humwelekeza mtu kwenye `git restore --staged` ya kuitoa faili kwenye steji.

babu_wa_terminali
Marahaba. Ila kabla ya komiti ya kwanza itamwambia `git rm --cached`. Kazi ile ile, neno jengine. Mtahadharishe ukurasa wa kwanza.