TUPEANE UZOEFU: Mgonjwa wenu alipozidiwa na maumivu nyumbani, mlifanyaje?

BintiKorogwe (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mama yangu alifariki mwaka jana kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kilichonileta hapa ni ile miezi mitatu ya mwanzo aliyoteseka bure kwa sababu sisi wanawe hatukujua la kufanya.

Mama alikuwa mtu wa kusema "nimeamka salama" hata kama hajafumba jicho. Nilijua hali yake siku nilipofua kanga zake nikakuta pembe zimetafunwa. Alikuwa anaziuma usiku tusimsikie. Hospitali ya kwanza walimpa panado na diklofenaki, wakatuambia tuvumilie, ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo.

Rufaa ikatufikisha Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, na huko tukakutanishwa na watu wa huduma shufaa, yaani wanaomtuliza mgonjwa maumivu na mateso ya ugonjwa mzito. Muuguzi alianza kwa kumwinulia mama mkono: "Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyosemeka. Jana usiku vilikuwa vingapi?" Mama akatutazama sisi, akatazama chini, kisha akanyoosha vyote vitano. Sikuweza kujizuia, nililia palepale.

Akaandikiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ya kunywa. Mjomba akaja juu: hiyo dawa ya kufia, mnataka kumfanya dada yangu teja? Yule muuguzi akamketisha, akamweleza kwamba kipimo kinaanza kidogo, na kikipanda ni kwa sababu maumivu yamepanda. Mgonjwa mwenye maumivu anayekunywa kwa kipimo hatafuti kulewa, anatafuta usingizi. Na anaweza kuinywa miezi mingi huku anaendelea na shughuli zake.

Ratiba yetu ilikuwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mbili kwa mpigo ili alale hadi alfajiri. Hapo ndipo tulipokuwa tumekosea muda wote na zile dawa za mwanzo: tulikuwa tunasubiri alalamike ndipo tumpe. Nguvu ya mofini ya maji inakwisha baada ya saa nne hivi, ukichelewa maumivu yanarudi na hasira, na kuyashusha tena ni kazi. Kwa hiyo dawa inafuata saa. Maumivu yakichomoza katikati, tuliruhusiwa kumwongezea dozi moja na kuiandika kwenye daftari, na lile daftari ndilo daktari alilosoma alipopanga kipimo kipya.

Siku mbili za kwanza alilala sana. Tulipiga simu kwa hofu, wakatuambia mwamsheni; akiamka, akaongea vizuri, mwacheni alipe deni la usingizi. Siku ya tatu akaomba bada na kisamvu. Akamaliza sahani.

Nani mwingine amepitia haya? Maumivu ya aina yoyote, tuelezane.

Sista_wa_Nyanza

Pole sana dada, na asante kwa kueleza wazi. Mimi ni muuguzi, niko Kenya, kazi yangu ni wagonjwa wa aina hii. Nimekwisha kuona familia zikiificha mofini kabatini kwa hofu huku mgonjwa analia chumba cha pili, na hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Niongeze tu: mofini inafunga choo karibu kwa kila mtu, na hali hiyo haizoeleki. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, choo hakipungui. Ukiandikiwa mofini, usiondoke dirisha la dawa bila dawa ya kulainisha choo. Papai na maji husaidia ila peke yake hayatoshi. Pili, msiikatishe ghafla eti amepata nafuu, hupunguzwa polepole. Tatu, mgonjwa asipoamshika kabisa, au pumzi ikiwa ya polepole mno, ya kuhesabu, kimbieni hospitali.

Huku kwetu Nairobi Hospice ipo tangu 1990, na hospitali kadhaa kubwa za kaunti zina kitengo cha tiba shufaa. Uliza kwa jina hilo. Ukisema tu "mgonjwa ana maumivu" utapangiwa foleni ya kawaida.

MamaMchapakazi_Mza

Wangu si saratani, ni selimundu (sickle cell), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwanangu ana miaka 9, tuko Mwanza. Maumivu yake hayana jeraha wala uvimbe, kwa hiyo watu hawayaamini. Shuleni aliitwa mdekaji. Hospitali moja, usiku wa manane, mtu wa mapokezi akaniambia mtoto anaigiza kwa kuwa alikuwa ananyamaza mara kwa mara. Alikuwa ananyamaza kwa kuchoka kulia!

Kinachotusaidia: chupa ya maji haimtoki mkononi, anavaa sweta kabla baridi ya asubuhi haijampata, na mguu ukianza kuuma nauwekea kitambaa cha vuguvugu. Barafu kamwe, inazidisha. Hapohapo nampa dawa za maumivu alizoandikiwa kliniki, kwa uzito wake, sisubiri. Akipata homa, kifua kikabana au pumzi zikawa fupi, hatukai nyumbani hata dakika. Tangu aanze haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu ya selimundu, vimepungua sana. Na daktari wa kliniki alituandikia barua inayoeleza ugonjwa wake na dawa zinazomfaa. Natembea nayo kwenye pochi. Barua ile imeninyamazishia watu wengi wa mapokezi.

Kijana_wa_Moro

Mzee wangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Wiki ya pili akaanza kulalamika kwamba vidole vinaungua. Vidole vya mguu ambao haupo. Shangazi akasema mguu haukuzikwa vizuri, tukachangishana hela ya mganga. Mzee akaacha kusema, akawa analia usiku tu.

Tulipomrudisha kliniki ya kidonda ndipo tukaambiwa mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kupeleka taarifa, na ubongo unaupokea mguu kama upo. Akapewa amitriptilini kidogo usiku. Ni dawa ya sonona, lakini kwa kipimo kidogo hutuliza maumivu ya mishipa. Ilichukua kama wiki mbili. Ila nadhani kilichomtibu kwanza ni kuambiwa na daktari, mbele yetu sote, "Mzee, hujachanganyikiwa."

Nshomile_Bk

Dada yangu aliuguzwa Kampala. Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, walimfuata nyumbani, na mofini ilikuwa bure. Uganda tangu 2004 muuguzi aliyesomea shufaa anaruhusiwa kuiandika mwenyewe. Fikirieni kijijini daktari yuko mbali kiasi gani, mtaona uzito wa jambo hilo.

Mpole2

Samahanini, naomba msaada. Baba ameanza mofini Jumatatu, maumivu yameshuka lakini leo siku ya nne hajapata choo, tumbo limejaa na hataki kula. Mama anasema tusimamishe dawa.

Sista_wa_Nyanza

Msiisimamishe. Mpelekeni leo hii, msingoje kesho, na mseme ni siku ya nne. Kama anatapika au tumbo limekuwa gumu, semeni hilo kwanza kabla ya yote. Mlipewa ya kulainisha?

Mpole2

Hapana, chupa peke yake. Tunatoka sasa.

BintiKorogwe

Mpole, beba daftari la dozi hata kama ni karatasi tu. Na mama yako mchukue mwende naye, ayasikie kwa masikio yake.

Mpole2

Tumerudi saa 3 usiku. Walimpima tumbo, wakamsaidia palepale, na wametupa vidonge vya kulainisha vya kila siku. Amekunywa uji kikombe kizima. Dozi ya saa 4 mama amesema atampa yeye.