Omeprazole haisaidii tena, nifanyeje?

KonaYaPasua: Wakuu, habari za usiku. Nina kidonda kwenye duodeni, kilionekana kwa kipimo cha kamera. Nameza omeprazole ya 20 mwezi wa pili sasa. Mwanzo nilipata nafuu, ila siku hizi saa nane usiku tumbo linaniwaka mpaka nile kitu. Niongeze dozi au nibadili dawa? Sijalala wiki nzima.

mama_kiboroloni: Pole mwanangu. Unameza saa ngapi? Mie nilikuwa nameza nikishashiba, kazi bure. Ni nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Marehemu mume wangu yeye alishikilia maji ya kabichi, hakusikia la mtu.

Ndizi_Mshale: Kunywa mtori, nyama ziko chini 😂

TabibuMstaafu: Ulipimwa H. pylori, wale bakteria wa vidonda vya tumbo? Omeprazole peke yake haiwaui hao, inapunguza asidi tu kidonda kipate kufunga. Wanataka na antibayotiki mbili, kwa kawaida siku 14.

KonaYaPasua: Nilipimwa, hawapo.

TabibuMstaafu: Ukiwa kwenye omeprazole? Kipimo kinaweza kudanganya, huwa inaachwa wiki mbili kwanza. Dawa za maumivu je?

Ndizi_Mshale: Barry Marshall, daktari wa Australia, aliwanywa hao bakteria makusudi mwaka 1984 ili aaminiwe. Wewe mbege tu inakushinda kuacha?

KonaYaPasua: Mbege sinywi. Za maumivu situmii.

TabibuMstaafu: Hata diclofenac?

KonaYaPasua: Hiyo ya mgongo tu. Mimi bodaboda, bila vidonge viwili jioni sinyooki. Nikiacha, watoto wale nini? Halafu kuna mama wa mizizi pale Mbuyuni, nimeshampa nusu, elfu arobaini. Anasema inakata kabisa.

MtuWaNoah: Nilijua tu! Mizizi hiyooo. Subirini ID mpya ije na namba ya simu. Mwezi jana ilikuwa sukari.

KonaYaPasua: Namba nimeweka wapi?

MtuWaNoah: Bado mapema.

TabibuMstaafu: Tangazo au si tangazo, nijibu moja. Choo rangi gani?

KonaYaPasua: Cheusi, tangu juzi. Kama lami. Nilidhani mnavu.

TabibuMstaafu: Hiyo ni damu. Diclofenac usiiguse tena. Hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi, na usiendeshe.

KonaYaPasua: Hata kusimama naona kizunguzungu. Kuna mtu yuko jirani na Pasua?

MtuWaNoah: Sasa lifti. Kesho nauli.

Ndizi_Mshale: Niko Majengo, nakuja na bajaji. Nitumie PM ulipo. Kama ni tangazo, mafuta utalipa.