Sehemu gani ya Dar uliipita miaka yote bila kuijua? Tupeane uzoefu

Mwana Gerezani: Wakuu, habari za jioni. Miaka kumi na tatu nashukia Posta kila asubuhi, na Sanamu ya Askari kwangu ilikuwa kipilefti tu. Juzi mvua ikanibana, nikajibanza barazani ng'ambo. Ilipokatika nikavuka kuisogelea. Kumbe ina maandishi ya Kiswahili! Ipo tangu 1927, kuwakumbuka askari Waafrika wa vita vya 1914–1918 pamoja na wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hao wapagazi ndio walionigusa. Haya, tiririkeni na yenu.

Kuli Mstaafu: Mkuu, hao ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, midomo yetu ikamalizia. Na mimi nimebeba viroba sokoni pale, kabla ya moto wa 2021. Kichwa chini, gunia la vitunguu shingoni, paa utalitazama saa ngapi? Siku moja mvua kubwa ikafukuza wateja, nikakaa juu ya kiroba nikainua macho. Nguzo zimechanua juu kama miavuli iliyopinduliwa na upepo! Mzee mmoja wa mchicha akanieleza kuwa ile miavuli inakinga mvua, maji yanashuka hadi kwenye matangi chini ya soko. Aliyechora ni Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Soko likafunguliwa 1975. Nilijisikia fahari, utadhani nimechora mimi.

Mama Wawili: Mimi Kunduchi. Nimekula samaki ufukweni pale tangu enzi za uchumba, magofu siyajui. Mwaka jana mwanangu akaja na kazi ya shule, tukaenda. Mibuyu, gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe, makaburi yenye minara. Mtoto akatia kidole kwenye shimo la duara mnarani: "Mama, hapa palikuwa na saa?" Bakuli, mwanangu! Za Kichina, zilipachikwa humo kabla Dar haijawa mji.

Dogo Tandika: Wengine Sanamu tunaikumbuka kwa kuuziwa simu ya sabuni 😂 Mama Wawili, huko nashukia wapi?

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Shuka Mtongani, mwambie bodaboda "magofuni". Usije ukasema makumbusho, utarudishwa Kijitonyama na nauli ulipe.