Naomba ushauri: keki za watoto kabla shule hazijafunguliwa, nipo Mbeya

MamaTwiga_Uyole:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, nimepanga kuwaokea wanangu keki na biskuti. Wadogo wabebe shuleni, mkubwa aende nazo bweni, anaingia kidato cha kwanza. Tatizo ni kwamba keki zangu zinaumuka vizuri kabisa, halafu zikikaribia kuiva zinabonyea katikati. Ukichoma njiti inatoka na uji. Nimebadilisha unga, wapi. Naombeni msaada wa haraka maana usingizi hauji kabisa. Matusi sitaki.

Ndizi_Mzuzu:
Nimeshavuta kiti na kikombe kipo mkononi. Ikiiva mniite.

Bibi_wa_Mafinga:
Kamwene binti yangu. Siku hizi mnataka mashine kwa kila kitu. Sisi tulioka kwa sufuria. Chini unaweka mchanga mkavu, juu mfuniko wa bati wenye makaa, na moto wa juu uuzidi wa chini. Keki ya kipaimara cha mwanangu wa kwanza niliioka hivyo hivyo, padre akaomba kipande cha pili mbele ya watu. Huyo mtoto sasa ana duka Makambako na hanipigii simu mpaka awe na shida. Watoto wa siku hizi bwana, acheni tu.

Kisu_Kikali:
Bweni gani hilo linaloruhusu keki? Soma fomu ya kujiunga, vyakula vya nyumbani karibu kila shule wanakataza. Atakayekula ni matroni. Mimi mama alinifichia hafkeki ndani ya soksi za michezo, zikakamatwa getini. Mwalimu wa zamu akazila mbele yetu na soksi akabaki nazo.

Fundi_Majiko:
Dada, ngoja nikujibu ulichouliza. Mbeya mjini ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo gesi inayotoka kwenye bekin pauda inatanuka haraka. Keki inapanda kabla haijashika, na ikikosa cha kuibeba inaanguka. Vipimo vingi vya mtandaoni vimeandikwa na watu wa pwani. Wakisema vijiko viwili vya bekin pauda, wewe weka kimoja na nusu. Sukari punguza kidogo, ongeza yai au maziwa kidogo, na moto upandishe nyuzi 10 hadi 15. La mwisho, usifungue mlango kuchungulia. Unatumia oveni gani?

MamaTwiga_Uyole:
Asante sana mkuu, ubarikiwe. Ni ya umeme, ndogo tu. Bado mpya.

Kisu_Kikali:
Mtu hakosi usingizi kwa sababu keki imebonyea. Hiyo oveni mpya umeinunua lini, na kwa hela ipi Januari hii?

MamaTwiga_Uyole:
Hayo ni ya nyumbani kwangu. Mimi nimeuliza keki.

Dada_Soweto:
Shoga, sema tu. Humu hakuna anayekujua, na Januari hii sote tumechacha.

MamaTwiga_Uyole:
Haya. Baba watoto yuko machimboni Chunya. Alituma laki tatu na nusu za vifaa vya binti: godoro, tranka, ndoo na sare. Nikaenda Mwanjelwa kununua tranka, nikamkuta mama mmoja anahama anauza oveni laki mbili na themanini. Dukani huipati kwa bei hiyo. Nikapiga hesabu: wiki hii yote wanafunzi wanasafiri, stendi ya Nanenane imejaa wazazi wenye njaa. Nikiuza vipande vya keki pale, hela inarudi kabla ya Ijumaa. Ijumaa baba yake anakuja kumpeleka mwenyewe. Hajui kitu. Sasa keki ndiyo hizo zinabonyea.
Lakini mnielewe, sijala hela ya mtoto. Nimeizungusha tu. Na godoro la zamani lipo, nikilivisha kava jipya nani atajua?

Mzee_wa_Kanisa:
Hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjikia. Mke anaficha oveni, kesho ataficha kiwanja. Piga magoti kwanza mama, kuoka baadaye.

Ndizi_Mzuzu:
Serikali imefuta ada tangu 2016, mwenzetu kaamua kuirudisha kwa njia ya oveni.

MamaTwiga_Uyole:
Ndizi, ada imefutwa, jembe halijafutwa. Nina fomu hapa mkononi: jembe lenye mpini, reki, fagio, ndoo mbili, rimu ya karatasi, tranka lenye kufuli. Njoo ununue wewe kwa hiyo elimu bure yako.

Dada_Soweto:
Mpigie leo. Usingoje Ijumaa akute mtoto ana mfuko wa rambo badala ya tranka. Mimi mwaka juzi niliingiza hela ya pango kwenye vitenge vya kutoka Tunduma, nikamficha mwenzangu. Alikuja kuambiwa na mwenye nyumba. Vitenge havikumuudhi, kilichomuudhi ni kuambiwa na mwanaume mwingine. Mpaka leo tukigombana kidogo tu ananiita "mwekezaji". Na vitenge vyenyewe viwili bado ninavyo, vya kijani, kama kuna anayehitaji aje PM.

Fundi_Majiko:
Au mrudishie aliyekuuzia, hata akikata kidogo.

MamaTwiga_Uyole:
Ameshahama, namba haipatikani. Na baba watoto simwambii kwa simu, kule mtandao unakatakata, atasikia "oveni" na "laki" tu, ya katikati yasifike. Nikiuza leo na kesho namaliza hili jambo. Fundi, ile kimoja na nusu ni kijiko cha chai au cha mezani?

Fundi_Majiko:
CHA CHAI dada! Kumbe ulikuwa unaweka cha mezani? Ndiyo maana.

Kisu_Kikali:
Subirini kwanza wakuu. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa nane huyu huyu alilalamika kwamba anaishi nyumba ya kupanga, wapangaji sita luku moja, na kuna jirani anapiga pasi hadi mashuka. Leo anaoka kwa oveni ya umeme. Oveni ndogo ya wati 1,500 ikiwaka saa moja inakula uniti moja na nusu. Anaoka mara ngapi? Na wale wapangaji watano wamenyamaza tu wanamwangalia? Chai hii, na tangawizi imezidi.

Ndizi_Mzuzu:
Tena chai ya Rungwe yenyewe, majani mawili na kichipukizi.

Mzee_wa_Kanisa:
Na mimi nilishaanza kumuombea.

Bibi_wa_Mafinga:
Kwani kuna oveni? Mimi nilidhani tunaongelea sufuria.

MamaTwiga_Uyole:
Chai ya nini jamani? Naoka mchana wakiwa shambani na kwenye biashara zao. Nimeweka picha, angalieni wenyewe.

Kisu_Kikali:
Picha ya keki kwenye sinia la kijani. Hata mimi naweza kupiga picha sinia.

Fundi_Majiko:
Mimi namwamini. Anayeiba picha mtandaoni anaiba keki nzuri. Hii imezama katikati na pembeni imeungua kwa sababu moto wa chini ni mkali. Dada, trei ipandishe ngazi moja juu.

Dada_Soweto:
Kwani ikiwa chai inapunguza nini? Mimi hapa nimejua kwa nini keki ya harusi ya dada yangu ilianguka. Tulimlaumu shemeji bure.

Chumba_cha_Nyuma:
Samahani wanajukwaa, mimi mgeni humu. Mama Twiga, ni wewe? Hilo sinia ni langu, nililiazimisha Krismasi. Na umeme ulioisha Jumapili ukasema ni mvua imeleta shoti, kumbe ilikuwa keki?

Kisu_Kikali:
ID imefunguliwa leo, ina posti moja. Anajijibu mwenyewe huyo. Mods mpo?

Ndizi_Mzuzu:
Hapana, huyo ni mpangaji kabisa. Mtu wa kutunga hawezi kukumbuka sinia.

MamaTwiga_Uyole:
Mods naomba mfunge huu uzi. Kuna mtu anagonga mlango.

Fundi_Majiko:
Mfungulie yeye. Wa oveni usifungue.

Kisu_Kikali:
Mimi bado nasema chai. Ila kipande ni shilingi ngapi? Kesho alfajiri nampeleka mdogo wangu Nanenane, anaenda shule Njombe.