Nimechoka kuchora twiga, nataka kuchora kigoga

BrashiMoja: Wakuu, heshima kwenu. Mimi mchoraji wa Tingatinga, huu mwaka wa 11. Twiga namchora huku naongea na simu. Mwezi uliopita nilikwenda msibani Muheza, tukapanda hadi Amani, kwenye milima ya Usambara. Kando ya njia kuna jiwe limevaa zulia la kijani, limelowa chepechepe. Nikamuuliza shemeji linaitwaje, akasema, "Majani tu hayo." Mzee mmoja akasema kigoga, mwingine kuvumwani. Nataka nikijaze kwenye hadibodi nzima, ila kila nikijaribu inatoka doa la kijani. Naanzia wapi?

Mtembeza_Wageni: Kaka, pole na msiba. Kuvumwani ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, kama zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi. Ulichoona wewe ni kigoga, mmea kamili. Hakina mizizi ya kunyonya maji, majani yenyewe ndiyo yanakunywa mvua na ukungu. Jua likikaza kinajikunja utadhani kimekufa. Kinyunyizie maji uone. Sasa nenda kwa fundi saa, muazime kile kioo anachobana jichoni, halafu upige magoti. Utakuta vijiti vyembamba vyenye vichwa, humo ndimo inamotoka vumbi ya uzazi. Usibandue lakini, hasa hifadhini. Wageni wangu wanaulizia maua ya zambarau ya Usambara, yale yaliyofika madirishani Ulaya baada ya Walter von Saint Paul-Illaire kutuma mbegu kwao Ujerumani. Huku porini yanaota kwenye mawe yenye kigoga hichohicho, na hakuna anayekipiga picha.

Kodi_Tarehe_Moja: Mkuu, mtalii anataka simba. Chora majani, utayala mwenyewe.

Mwalimu_Bio: Usimsikilize huyo. Darasani kwangu wote wanamjua simba, chura wa Kihansi hawamjui, na ni wetu peke yetu duniani! Hafiki sentimita 3, wa manjano, anazaa watoto badala ya kutaga mayai. Wataalamu wamemjua 1996 tu. Alikuwa akiishi kwenye kigoga na majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Bahati karibu 500 walikuwa wameshapelekwa Marekani kulelewa. Walianza kurudishwa 2012, na bondeni pale yamefungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Mweke mmoja pembeni ya mchoro wako, mwanangu. Mteja akimfuata chura, kigoga atakiona.

BrashiMoja: Mrejesho. Fundi saa kanidai soda. Amani sikurudi, kumbe kigoga kipo ukutani nyuma ya simtanki letu hapa kibandani, nimekipita miaka yote hiyo. Chini ya kioo vijiti ni vyekundu, kila kichwa kimeinama kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Kijani nimechanganya mara nne ndiyo ikakubali. Vijiti nimevirefusha, navyo vimetoka na shingo za twiga, mkono haujaacha asili. Chura yupo, mwalimu, shikamoo.

Jana mteja kasimama mbele ya ubao, kauliza hiyo ni minazi ya wapi. Nikampeleka nyuma ya tangi, nikampa kioo. Kapiga magoti na suruali yake nyeupe.