Kupima kompresheni ya 4A-GE nyumbani kabla ya kufunga hedi

Levin_Bara

Wakuu, habari za leo. Nina injini ya Toyota, 4A-GE ya valvu 16, iko mezani vipande vipande. Silinda zimepanuliwa kutoka 81 hadi 81.5 mm, krenki ni ile ile ya stroku (mwendo wa pistoni) 77 mm. Pistoni ni za foji, zina nundu juu. Hedi imesagwa uso na viti vya valvu vimekatwa upya. Nataka uwiano wa kompresheni wa 11:1, nisizidi hapo, maana gari litakunywa petroli ya sheli kama mengine.

Fundi anasema nifunge tu, halafu tupime kwa geji ya kompresheni: ikisoma psi 190, gawanya kwa 14.7 (presha ya hewa ya kawaida), jibu ni 12.9, basi hiyo ndiyo kompresheni yako. Hesabu hiyo hainiingii akilini. Kuna namna ya kujua uwiano kamili kabla hedi haijakaa? Nina venia, geji ya saa yenye kishikio cha sumaku, na sindano za famasi. Bureti, ule mrija wa maabara wenye mistari ya ml, sina.

---

bloku_na_hedi

Mkuu, hiyo hesabu ya kugawa kwa 14.7 iache. Geji inapima presha, na presha hubadilika kwa mambo mengi ambayo hayahusiani na uwiano: betri inavyozungusha stata, throto iko wazi au imefungwa, urefu wa mpira wa geji yenyewe, mafuta yaliyobaki kwenye ringi, na zaidi ya yote, kemshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) inafunga valvu ya kuingiza saa ngapi. Halafu hewa ikibanwa hupata joto, na joto huongeza presha juu ya ile ya kubanwa. Hata mwinuko una sehemu yake. Injini inayosoma psi 190 Dar, ukiipeleka Nairobi ilivyo, itasoma karibu 155, na hakuna aliyegusa pistoni.

Uwiano ni ujazo tu: ujazo pistoni ikiwa chini kabisa, gawanya kwa ujazo ikiwa juu kabisa. Stroku unayo. Silinda ya 81.5 mm ina eneo la sm² 52.17, zidisha kwa sm 7.7, unapata cc 401.7. Kilichobaki ni kujua cc zinazobaki juu ya pistoni ikiwa kileleni. Hizo hutoka sehemu nne: chemba ya hedi, tundu la gasketi, nafasi kati ya pistoni na uso wa bloku (nundu inapunguza humo), na kile kiufa kinachozunguka pistoni juu ya ringi ya kwanza.

Hedi kwanza. Ipime baada ya kazi zote za mashine kwisha, kwa sababu kila ukikata kiti cha valvu, valvu inazama na chemba inakua. Weka valvu zake zenyewe na springi zake, paka grisi nyembamba sana kwenye kiti. Funga plagi utakayotumia barabarani, pamoja na pete yake ya washa, maana plagi yenye uzi mfupi inaacha shimo. Laza hedi chemba zikitazama juu, iinamishe kidogo. Kata kipande cha pleksiglasi cha unene wa mm 8 hivi, toboa matundu mawili ya mm 5: moja la kuingizia maji, jingine la kutolea hewa, na hilo la hewa likae upande ulioinuka. Paka vaselini kuzunguka chemba, gandamiza kioo mpaka kikae chuma kwa kioo. Vaselini ikiwa nene, kioo kinaelea juu yake na unapata cc ambazo hazipo.

Maji ya kawaida, tone moja la sabuni ya vyombo ili yasishike viputo, na rangi ya chakula uone vizuri. Spiriti usitumie na pleksiglasi, inaipasua nyufa ndogondogo. Ukimaliza kausha kwa hewa na upake mafuta, maana viti vya valvu vinashika kutu haraka.

Rudia kila chemba mara tatu. Majibu yakipishana zaidi ya cc 0.2, kuna hewa au kuna kuvuja.

---

Mizani_Ndogo

Kwa kukosa bureti usihangaike. Sindano kubwa ya 60 ml mistari yake ni ya 1 ml, hiyo haikufai hapa. Ya 10 ml ina mistari ya 0.2 ml, lakini chemba ya cc 38 inataka uijaze mara nne, na kila ujazo una kosa lake, makosa yanajumlishana.

Tumia mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.1 au 0.01. Jaza chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, ipime, jaza chemba mpaka maji yafike tundu la hewa, ipime chupa tena. Gramu zilizopungua ndizo cc. Kwa joto letu la nyuzi 25 hivi, cc moja ya maji ina gramu 0.997, tofauti ambayo kwa chemba nzima ni cc 0.1 tu. Kwa kazi hii mizani ni sahihi kuliko macho ya mtu anayesoma bureti akiwa ameinama.

---

Kemu_Mbili

Naongezea upande wa bloku, maana hapo ndipo wengi hukosea. Nundu yenye mifuko ya valvu (mabonde ya kupisha valvu) huwezi kuipima kwa venia. Ifanye hivi:

Weka pistoni namba moja na ringi zake. Geji ya saa iguse pistoni juu ya mstari wa pini, usiweke pembeni. Pistoni inatikisika kwenye silinda, na za foji hutikisika zaidi zikiwa baridi kwa sababu huachiwa nafasi kubwa. Ukipima pembeni utapata jibu tofauti kila ukiigusa. Zungusha krenki, tafuta mahali sindano inageukia, weka sifuri. Hapo hapo pima pia ukingo bapa wa pistoni uko chini ya uso wa bloku kwa kiasi gani, utahitaji baadaye.

Sasa shusha pistoni mm 12.00 kamili kutoka kwenye sifuri. Ziba kiufa cha pembeni kwa grisi, futa iliyozidi kwa kidole mpaka ibaki usawa wa ukingo. Kioo juu, jaza maji, pima.

Mm 12 kwenye silinda yako ni 52.17 × 1.2 = cc 62.6. Ukitoa namba hiyo kwenye cc zilizoingia, unapata ujazo uliobaki juu ya pistoni ikiwa kileleni, nundu na nafasi ya juu vikiwa tayari vimo. Kwa pistoni ya nundu jibu litakuwa hasi. Ndiyo, hasi ni sawa, maana yake nundu inaingia ndani ya hedi.

Gasketi: tumia kipenyo cha tundu la gasketi, usitumie cha silinda, na unene wake ikiwa imebanwa. Za chuma za tabaka hazibonyei sana, kwa hiyo namba ya mtengenezaji inafaa. Za zamani za mchanganyiko hubonyea, hizo pima ya zamani ya aina ile ile kwa maikromita kwenye pete ya moto, ile pete ya chuma inayozunguka tundu.

---

Levin_Bara

Asanteni sana wakuu. Nimetumia mizani ya 0.01. Majibu haya hapa:

Chemba: namba 1 cc 37.6, namba 2 cc 37.4, namba 3 cc 37.7, namba 4 cc 38.3. Nimerudia ya nne, inarudi pale pale.
Pistoni ikiwa chini mm 12.00: zimeingia cc 60.1, zote nne zinakaribiana.
Ukingo wa pistoni uko mm 0.15 chini ya uso wa bloku.
Gasketi ya chuma, 0.8 mm, tundu 82.5 mm.
Pistoni juu ya ringi ya kwanza ina kipenyo cha 81.0 mm, na urefu wa sehemu hiyo ni mm 6.

---

bloku_na_hedi

Safi. Twende na namba 1.

Chemba 37.6. Gasketi: tundu la 82.5 mm ni sm² 53.46, mara sm 0.08, ni cc 4.28. Pistoni: 60.1 − 62.6 = −2.5. Kiufa cha pembeni ulikiziba kwa grisi, kwa hiyo lazima ukirudishe kwa hesabu: nafasi ni mm 0.25 kila upande, urefu mm 6, kuzunguka pistoni inatoka karibu cc 0.38. Jumla 39.76.

(401.7 + 39.76) ÷ 39.76 = 11.1.

Namba 2 ndiyo ya juu, 11.15. Namba 4 imeshuka hadi 10.93. Ona jinsi cc 0.9 ilivyohamisha uwiano kwa zaidi ya 0.2. Kwa injini ndogo kama hii, cc moja ni karibu 0.25 ya uwiano, ndiyo maana tunabishania matone.

Ya nne nashuku viti vya valvu vimekatwa ndani zaidi. Weka venia juu ya ncha za valvu, linganisha urefu wake na chemba nyingine. Zikiwa zimechomoza zaidi upande wa springi, ndiyo hiyo. Na hapo angalia pia shimu za valvu (visahani vya kurekebisha nafasi yake), zitataka nyembamba zaidi.

Usijaribu kuzifikisha tatu nyingine kwa kuzamisha valvu. Fungua chemba 1, 2 na 3 ziifikie ya nne kwa kusaga kidogo ukuta ulio karibu na valvu za kuingiza, pale unapoziba njia ya hewa. Kiti cha valvu kifunike kwa valvu ya zamani kabla ya kuwasha grainda. Sehemu bapa za pembeni usiziguse kabisa. Unaondoa cc 0.6 hadi 0.9, ni aluminiamu ya gramu 1.6 hadi 2.4 hivi. Saga kidogo, pima, saga tena. Zote zikifika 38.3, injini nzima iko 10.93, na lengo lako lilikuwa kutozidi 11. Ukizipata zote ndani ya cc 0.2, inatosha.

---

Tona_wa_Pwani

Nakubaliana, ila naona kuna atakayesema weka gasketi ya 1.0 mm umalize. Inaongeza cc 1.07, kweli uwiano unashuka. Lakini sasa hivi kati ya ukingo wa pistoni na hedi ana 0.15 + 0.8, yaani mm 0.95, hapo ni pazuri kwa konrodi za chuma. Mchanganyiko uliobanwa pembeni hurushwa katikati kwa kasi na kuungua upesi. Ukifika 1.15 unaanza kuupoteza mchezo huo, na injini yenye uwiano mdogo inaweza kugonga (mchanganyiko kulipuka wenyewe) kuliko yenye uwiano mkubwa iliyobanwa vizuri. Nisingebadilisha gasketi.

Hiyo 0.95 ihakikishe kwa waya wa lehemu wa mm 2. Bandika vipande viwili kwa grisi juu ya pistoni, kwenye mstari wa pini, chini ya zile sehemu bapa. Funga hedi na gasketi iliyokwisha kutumika ya unene huo huo, kaza kwa toki kamili, zungusha krenki kwa mkono mara moja, fungua, pima waya kwa maikromita.

Na valvu je? Nundu na hedi iliyosagwa pamoja ni hatari. Udongo wa kuchezea watoto kwenye mifuko ya pistoni, paka valvu mafuta zisinate, funga na mkanda wa taimingi, zungusha mizunguko miwili. Ukikata udongo, pale pembamba pabaki angalau mm 2.0 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutolea. Ya kutolea inahitaji zaidi kwa sababu pistoni inaifukuza ikiwa inafunga, na ndiyo inayopata moto.

---

Levin_Bara

Nimewapata wakuu. Swali dogo: kemshafti nilizonazo zinafunga valvu ya kuingiza nyuzi 60 baada ya pistoni kuanza kupanda. Hiyo 10.93 bado ni salama kwa petroli ya kawaida?

---

Kemu_Mbili

Kwa kemu hizo hali ni nzuri kuliko namba inavyoonyesha. Konrodi ya 4A-GE ni mm 122 kati kwa kati. Krenki ikiwa nyuzi 60 baada ya chini kabisa, pistoni imebakiza mm 62.4 kufika juu. Yaani hewa inayobanwa kweli ni cc 325.5, na kwa cc 40.5 zinazobaki juu ya pistoni kileleni (chemba ikiwa 38.3), uwiano unaofanya kazi ni karibu 9.0. Kemu inayofunga kwenye nyuzi 40 ingekuwa na mm 70.5, na uwiano wa kazi ungepanda hadi 10.1 kwa pistoni na hedi zile zile. Ndiyo maana Toyota waliiuza valvu 16 ya mwanzo na 9.4, na ya valvu 20 ya kifuniko cheusi wakaifikisha 11.0. Umbo la chemba na taimingi ya kemu vinakwenda pamoja.

Ila usichukue hiyo 9.0 kama ruhusa. Injini ikifika mizunguko ambako kemu inajaza silinda vizuri, faida hiyo inapungua. Na hedi ikisagwa, kemu zinasogea karibu na krenki, taimingi yake inachelewa kidogo, kwa hiyo tumia puli za kurekebisha na uzipange upya kwa geji ya saa, usifuate alama za mkanda. Taimingi ya kuwasha anza nyuma, ongeza nyuzi moja moja ukiwa na maikrofoni ya kugonga kwenye bloku. Kama umeseti gari ukiwa Nairobi au Arusha, ukishuka Tanga au Mombasa hewa ni nzito, silinda inajaa zaidi, na hapo ndipo kugonga huanza. Seti ya mwisho ifanye pwani.